Dar es Salaam hadi Jeddah: Kilomita Ngapi, Saa Ngapi, na Nia Itiwe Wapi?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, makala haya yametokana na swali. Tulikuwa katika somo la Fiqh, mlango wa Hija, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, kutoka Dar mpaka Jeddah ni kilomita ngapi, na ndege inakwenda saa ngapi?" Wenzake wakacheka, wakaona ameliacha somo la dini na kuingia jiografia. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimkumbuka mzee mmoja wa hapa kwetu Buhemba.

Mzee huyo alijaaliwa kwenda Hija baada ya kuweka akiba miaka mingi na kuuza ng'ombe. Shuka zake mbili nyeupe za ihramu alizikunja vizuri akaziweka ndani ya begi kubwa, lile linalopimwa kwenye mizani na kupakiwa chini ya ndege. Alikuwa ameambiwa kwamba safari ni ya saa nne na zaidi kidogo, naye akapanga kwamba akitua Jeddah atafungua begi, ataoga, atavaa. Wakiwa bado hewani ikatangazwa kuwa mikati inakaribia. Wenzake wakaanza kutia nia na kuleta talbiya, na wengi walikuwa wamevaa shuka tangu Dar. Yeye akabaki na kanzu na kofia yake, akidhani kwamba bila shuka hana la kufanya. Alipotua na kuieleza hali yake akaambiwa ana dam, maana yake achinje mnyama. Akalipa, Allah amtakabalie, lakini pesa yake ya matumizi ilikuwa ya kuhesabu. Aliporudi aliniambia: "Ustadhi, niliuliza safari ni saa ngapi. Sikuuliza katika saa hizo ndege inapita wapi."

Basi tulijibu swali la mwanafunzi wetu, na la mzee pia.

Chukueni atlasi. Dunia imechorewa mistari inayotoka ncha ya kaskazini kwenda ncha ya kusini, nayo huitwa longitudo. Iko na mingine inayoizunguka kama mkanda, nayo ni latitudo. Ikweta, au Khatulistawi, ndiyo latitudo sifuri. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, uliopewa jina la jirani yetu wa Butiama, upo katika latitudo ya nyuzi 6.9 kusini na longitudo ya nyuzi 39.2 mashariki. Uwanja wa Mfalme Abdulaziz wa Jeddah upo katika latitudo ya nyuzi 21.7 kaskazini. Longitudo yake je? Ni nyuzi 39.2 mashariki.

Subhanallah! Viwanja viwili, kimoja kusini ya Ikweta na kingine ng'ambo ya Bahari ya Shamu, vyote viko juu ya mstari mmoja. Ukiweka rula juu ya Dar na kuipandisha kaskazini moja kwa moja, bila kupinda kulia wala kushoto, itakufikisha Jeddah.

Hilo linaifanya hesabu yetu kuwa nyepesi sana. Viwanja vingine viwili vya mbali vingetutaka tutumie hesabu ya duara, kwa sababu ramani ya karatasi hudanganya: dunia ni mviringo nayo karatasi ni bapa. Lakini kwa viwanja vilivyo kwenye longitudo moja tunajumlisha nyuzi tu. Kutoka Dar hadi Ikweta ni 6.9, kutoka Ikweta hadi Jeddah ni 21.7, jumla nyuzi 28.6. Kila uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111 hivi. Zidisheni, mtapata karibu kilomita 3,170.

Msidhani kipimo hicho cha uzi mmoja ni elimu ya Wazungu peke yao. Katika karne ya 9 Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala Baghdad tangu mwaka 813 hadi 833, aliwatuma wataalamu kwenye uwanda wa Sinjar kule Iraq. Wakaanza pahala pamoja, kundi moja likaenda kaskazini na jingine kusini, huku wakipima umbali wa ardhi na urefu wa nyota ya kaskazini angani, mpaka nyota ikapanda au kushuka kwa uzi mmoja. Kwa miguu na kamba waliupata urefu wa uzi mmoja, na kutokana na huo wakaupata mzingo wa dunia. Walitaka, pamoja na mengine, kuijua Qibla ya kila mji.

Hapa nina jambo dogo la kuwachekesha wasafiri wa Mara. Kutoka Buhemba hadi Makka, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 2,650 hivi. Kutoka Dar hadi Makka ni karibu 3,150. Kwa hiyo hujaji wetu anapopanda basi na kusafiri mchana kutwa na pengine kipande cha usiku kwenda Dar, kwa kweli anazidi kuiacha Makka nyuma yake kwa kilomita 500. Na saa alizokaa ndani ya basi ni nyingi kuliko zile atakazokaa ndani ya ndege ya moja kwa moja hadi Jeddah. Nairobi iko karibu nasi zaidi, lakini nafasi za Hija hugawiwa kwa nchi, hivyo njia yetu ni Dar.

Sasa saa. Ndege kubwa za abiria zikiwa juu huenda kati ya kilomita 800 na 900 kwa saa. Tuchukue 850. Gawanyeni 3,170 kwa 850, mtapata saa 3 na dakika 44. Lakini ndege haianzi na mwendo huo tangu ardhini. Inatembea kwanza kuufikia mkondo wa kurukia, inapanda kwa kiasi cha dakika ishirini, na mwisho inateremka ikipunguza mwendo, pengine ikizungushwa kusubiri zamu ya kutua. Ndiyo maana safari ya moja kwa moja huhesabiwa kuwa ya saa nne na robo hadi nne na nusu. Upepo nao una sehemu yake. Katika safari ndefu za mashariki na magharibi, upepo mkali wa juu huweza kuongeza au kupunguza saa nzima. Sisi tunaokwenda kusini na kaskazini hautusumbui sana.

Ili mjue kipimo: safari iliyo miongoni mwa ndefu kuliko zote duniani bila kutua ni ya Singapore hadi New York, kilomita 15,300 hivi, saa 18 na zaidi. Yetu haifikii robo yake.

Tena babu zetu wa pwani walikwenda Hija kwa jahazi wakiungoja upepo wa kusi uwapeleke kaskazini na kaskazi uwarudishe. Mtu akiaga alikuwa ameaga kwa miezi mingi, na aliacha wasia. Ibn Battuta alitoka Tangier kule Maghrib mwaka 1325, akafika Makka mwaka uliofuata. Baadaye ndipo alipokuja pwani yetu na kufika Kilwa, mnamo mwaka 1331.

Turudi kwenye neno la mzee: ndege inapita wapi? Fuateni rula yenu. Njia halisi ya rubani huweza kupinda kwa sababu ya hali ya hewa au anga iliyofungwa, lakini mstari ulionyooka ni huu. Mnaruka Dar, mnapita jirani ya Tanga, mnaingia Kenya. Baada ya kiasi cha saa moja mnavuka Ikweta, upande wa Garissa. Nusu saa nyingine mpo Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Saa mbili na robo hivi, Addis Ababa ipo kando yenu kushoto.

Kabla saa ya tatu haijatimia mnakuwa juu ya Tigray, na hapo nawaomba wanafunzi wangu mtulie kidogo. Hiyo ndiyo Habasha. Kuanzia mwaka wa tano wa Utume, sawa na 615 Miladia, Waislamu wa mwanzo waliovuka bahari kukimbia mateso ya Maquraishi walipata amani chini ya Mfalme Najashi wa nchi hiyo, wakiwemo Ja'far bin Abi Talib na Uthman bin Affan (R.A.). Pale Negash, kaskazini ya Mekelle, upo msikiti ambao wenyeji wanaunasibisha na Sahaba hao. Uliharibiwa katika vita vya mwaka 2020. Negash karibu iko kwenye mstari wetu. Abiria wengi huipita wamelala.

Baada ya hapo ni Massawa kwenye pwani ya Eritrea, kisha Bahari ya Shamu yenyewe, kilomita 670 hivi za maji mpaka Jeddah.

Kutokana na njia hii iliyonyooka lipo jambo jingine zuri. Makka nayo ipo kwenye longitudo ya nyuzi 39.8, karibu sana na mstari wetu. Maana yake aliyekaa kwenye kiti chake akitazama mbele, kule kwa rubani, anakuwa ameielekea Qibla takriban safari nzima. Ni dakika za mwisho tu, ndege inapokaribia kutua, ndipo Makka inapohamia upande wa kulia. Wakati wa kurudi Qibla ipo mgongoni. Basi msimwone mtu akihangaika na dira ndani ya ndege hiyo mkanyamaza.

Tufike sasa penye mzigo wa makala haya. Mtume (S.A.W.) aliweka mikati, yaani mipaka ambayo mwenye kukusudia Hija au Umra haivuki ila awe ameshahirimia. Watu wa Madina wana Dhul-Hulayfa, watu wa Sham wana Juhfa, watu wa Najd wana Qarn al-Manazil, na watu wa Yemen wana Yalamlam. Anayepita njia isiyofika kwenye mikati yenyewe huangalia pale anapokuwa sambamba nayo. Sisi tunaotoka kusini wengi wetu huitazama Yalamlam, iliyo kusini mwa Makka kwa kiasi cha kilomita 100.

Yalamlam ipo kwenye latitudo ya nyuzi 20.5. Uwanja wa Jeddah upo nyuzi 21.7. Tofauti ni nyuzi 1.2, na mkizidisha kwa 111 mnapata kilomita 130 hivi. Kwa ndege inayoteremka, huo ni mwendo wa robo saa tu! Wahudumu wa ndege hutangaza mapema zaidi, yapata nusu saa kabla ya kutua, ili watu wasipitwe. Lakini fikirini: nusu saa, abiria mamia, vyoo vichache, mikanda ya viti imekwisha amriwa kufungwa. Huo si wakati wa kuanza kutafuta shuka.

Wapo maulamaa waliosema kwamba anayekuja kutoka upande wa Afrika kwa baharini huweza kufika Jeddah kabla ya kuwa sambamba na mikati yoyote. Masuala hayo yana wenyewe. Rai yangu mimi mwalimu wa madrasa ni kwamba kuhirimia mapema hakukugharimu kitu, na kuchelewa kumemgharimu mzee wetu mnyama mzima. Aoge na kuvaa shuka Dar, au nyumbani kabla ya kwenda uwanjani. Nia na talbiya aziache mpaka tangazo, na akichelea usingizi atie nia kabla, inajuzu. Na ajue kwamba ihramu ni nia, shuka ni vazi. Hata yule ambaye shuka zake zimekwama chini ya ndege asiache kutia nia pale mikati, kisha alibadilishe vazi mara anapoweza na kuwauliza wenye elimu juu ya fidya yake, ambayo ina nafuu ndani yake.

Tahadhari: haya yote ni kwa ndege ya moja kwa moja. Wengi siku hizi hupitia miji mingine kubadili ndege, na njia ikibadilika hesabu nayo hubadilika. Anayepitia Dubai anaruka karibu kilomita 4,000 kwanza, kisha 1,700 nyingine hadi Jeddah. Jumla ni 5,700 badala ya 3,170, bila kuhesabu saa za kungoja. Tena anaingia Hijazi akitokea mashariki, kwa hiyo mikati yake ni Qarn al-Manazil, karibu na Taif, na Qibla haipo tena mbele ya kiti. Anayepelekwa Madina kwanza hana haja ya shuka ndani ya ndege. Atahirimia Dhul-Hulayfa atakapotoka Madina kwenda Makka. Muulizeni kiongozi wa msafara njia kabla ya kufunga begi.

Kuhusu saa za ukutani, Tanzania na Saudi Arabia zinatumia saa moja, hakuna kurudisha wala kusogeza mshale. Kwa kuwa viwanja vyetu viko kwenye mstari mmoja, hata Adhuhuri ya Dar na ya Jeddah huingia karibu dakika ileile. Maghrib ndiyo inayotofautiana. Mwishoni mwa Desemba jua la Dar huzama yapata saa 12:37 jioni, na la Jeddah saa 11:45. Mwishoni mwa Juni inageuka: Dar saa 12:17, Jeddah saa 1:09 usiku. Aliyefunga naye yupo hewani asifuturu kwa saa ya mji ulio chini yake. Kutoka juu, kilomita 11 angani, upeo wa macho unakuwa chini zaidi na jua huonekana kwa dakika kumi na kitu baada ya wa ardhini kuwa wameshaadhini. Atazame jua lake yeye.

Liko tatizo dogo la tiketi ambalo limewahi kumfanya mtu aachwe. Tiketi haijui saa ya Kiswahili. Ikiandikwa 01:30 tarehe 10, hiyo ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 10. Hapa hesabu yetu ya Kiislamu inatusaidia, maana kwetu usiku hutangulia mchana wake. Anayetakiwa kufika uwanjani saa tatu kabla ya kuruka awe pale tarehe 9, saa nne na nusu usiku. Akija usiku wa siku ya pili yake, wenzake wameshaswali Makka.

Na akitua Jeddah asidhani amefika. Kuna foleni ya pasipoti, kuna mizigo, na Makka bado iko kilomita 80 na zaidi kwa barabara. Tangu mwaka 2018 ipo pia treni iendayo kilomita 300 kwa saa, yenye kituo hapo uwanjani. Mahujaji wengi hungojea mabasi yao chini ya mahema meupe ya ukumbi wa Hija, mahema 210 yaliyotundikwa kwa nyaya juu ya nguzo, ambayo huzuia jua na kupitisha upepo. Mhandisi wake alikuwa Muislamu aliyezaliwa Dhaka, Fazlur Rahman Khan, bingwa wa maghorofa marefu ya Chicago. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1981, naye alifariki dunia mwaka uliofuata, katika mji huohuo wa Jeddah. Allah amrehemu. Nyinyi mnaokimbia somo la hesabu, mkumbukeni.

Yule mwanafunzi aliyeuliza swali ana babu yake ambaye, In shaa Allah, yumo katika safari ijayo. Wiki iliyopita alinionesha karatasi aliyomwandikia kwa herufi kubwa, kwa kuwa macho ya mzee yamepungua. Juu imeandikwa: SHUKA ZIKAE KWENYE MKOBA WA MKONONI. Chini yake: saa ya kwanza, Ikweta. Saa ya tatu, Habasha, babu usilale. Saa ya tatu na nusu, udhu na utulivu. Ikitangazwa mikati, Labbayka. Nimemsahihisha mahala pamoja tu. Alikuwa ameanza kuhesabu saa tangu watakapopanda ndani ya ndege, nami nikamwambia aanze pale magurudumu yatakapoiacha ardhi.